Bondia wa Raundi Tatu

Wete, Pemba
11 Februari 1957

Kwa Mjomba Uweso Jumbe,
Ngamiani, Tanga

Shikamoo Mjomba,

Naomba barua hii ikukute barazani, mzima wa mwili, na Mama yuko kando yako anakugombeza kwa jambo dogo kama kawaida yake. Sisi huku hatujambo. Tabia amejifungua mtoto wa kike tarehe tatu ya mwezi huu, salama, na mtoto ana sauti ya kuadhinia. Tumemwita Semeni, jina la bibi. Mwambie Mama asilie, na kama ameshalia, mwambie basi inatosha. Karafuu za mwaka huu ni chache na watu wamenuna, lakini mimi mshahara wangu ni wa chaki, sina mkarafuu wa kuulilia.

Najua barua zangu za mwaka wa hamsini na tatu, na zile mbili za hamsini na nne, hukuzijibu. Salamu zako nilikuwa nazipata katika barua za Mama, mstari mmoja wa mwisho: mjombako hajambo. Sikuuliza kwa nini na leo siulizi.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Bwana Timotheo, katibu wa klabu yenu ya ngumi, ameniandikia. Anasema klabu inatafuta mwalimu wa kuwafundisha vijana wa Tanga kabla ya mashindano ya Dar es Salaam, na wewe umeomba kazi hiyo. Nimefurahi mpaka nikamsomea Tabia barua mara mbili. Lakini kamati imeweka sharti: mwalimu awe amewahi kuwa bingwa, au awe mtu ambaye kwa haki alistahili ubingwa. Bwana Timotheo anajua kwamba nilikuwa naandika mapambano yako yote katika daftari, tangu lile la kwanza la Muheza, na anataka nimweleze kwa maandishi, bila upendeleo wa damu, kama Uweso Jumbe alikuwa wa kiwango hicho.

Daftari ninalo hapa. Mapambano ishirini na tisa, ushindi ishirini na nne, sare moja, kushindwa mara nne. Pambano la mwisho tu ndilo silijui, lile la ubingwa wa Tanganyika mwaka wa hamsini na tatu, na Eliudi wa Moshi, kwa sababu nilikuwa nimeshahamia huku. Nina tarehe na matokeo: kushindwa kwa pointi, raundi nane. Naomba unieleze lilivyokwenda, raundi kwa raundi, nami niandike.

Ni mimi mpwa wako anayekuheshimu,
Abdulwakil Ame


Tanga
6 Machi 1957

Kwa Mwalimu Abdulwakil,

Marahaba mwanangu. Hongera wewe na mkeo kwa Semeni. Mamako alilia, kisha akapika, kisha akalia tena wakati anapakua. Mtaa mzima sasa unajua kwamba ana mjukuu Pemba mwenye jina la marehemu mama yetu. Jirani yetu Saleha anakusalimu, amefungua duka la vitambaa na amekuwa na maneno mengi kuliko vitambaa. Mimi bado niko bandarini na marobota ya katani. Sasa ni nyapara, sibebi, napiga kelele tu.

Nimeisoma barua yako. Mwalimu kweli umekuwa mwalimu, unanitaka raundi kwa raundi kama mtoto anayeambiwa asome kwa sauti. Haya, nitakusomea. Korogwe, mwaka wa arobaini na tisa, yule fundi seremala mwenye mabega kama mlango: nilimwangusha raundi ya pili kwa kushoto, akaamka akauliza ni nani aliyezima taa, na ilikuwa saa tisa mchana. Mombasa, yule baharia, alinipasua nyusi, nikamaliza raundi nne na jicho moja, na waliokuwepo walinibeba mabegani ingawa nilishindwa. Muheza, wewe mwenyewe ulikuwepo, raundi kumi juani na yule kijana wa mashamba ya machungwa, na mwishoni ni yeye aliyekalishwa kwenye kiti wala si mimi. Hayo yaandike yote na utie chumvi ukitaka, mimi sitakukataza.

Kuhusu Eliudi: nilipigwa. Andika hivyo. Si neno gumu.

Najua vilevile wanachosema kwenye kamati. Mwenyekiti, Bwana Idarusi, ana jina alilonibandika tangu siku ile, na watu wanalitumia hata bandarini nikigeuka: bondia wa raundi tatu. Raundi tatu wa moto, ya nne pumzi hana. Kazi hii naitaka, Abdulwakil, sikufichi. Nina miaka thelathini na saba, na ninachokijua katika mikono hii nisipokitoa kwa vijana nitakwenda nacho kaburini, na huko hakuna wa kumfundisha. Lakini sitaki uniombee. Kama daftari lako linasema sikuwa wa kiwango, sema sikuwa.

Mjombako,
Uweso


Wete
27 Machi 1957

Shikamoo Mjomba,

Barua yako ilichelewa Unguja, lakini imefika na nimeifurahia kuliko ninavyoweza kusema. Semeni anaendelea vizuri. Tabia anauliza kama ni kweli yule seremala aliuliza juu ya taa. Nimemwambia nilikuwepo. Ramadhani imeshabisha hodi, watu wananunua tende na shule itafungwa mapema. Nawaombea nyote saumu njema.

Umesema nisikuombee, basi nitasema kama ninavyoona, na ukikasirika ukumbuke ni wewe uliyeniruhusu.

Mkono wako wa kushoto sijauona mfano wake mwambao huu. Ulikuwa unautoa kabla mtu hajajua kwamba unataka kuutoa, na ulikuwa unaurudisha kwenye kidevu, jambo ambalo mabondia wengi hawalijui mpaka wanastaafu. Miguu ulikuwa nayo. Ulikuwa ukikimbia hadi Pongwe na kurudi kabla ya kwenda kazini, na ulikuwa ukilipiga lile gunia la makapi ya katani mpaka Mama akalalamika kwamba nyumba nzima ina vumbi. Moyo sitauzungumza, anayekujua anajua.

Kasoro ni hii. Ulipenda kazi yako mno. Ukimpiga mtu vizuri ulisimama ukamtazama, kama mpishi anayengoja kusifiwa, na pale pale ndipo ulipokuwa unapigwa. Baharia wa Mombasa alikupasua kwa sababu hiyo na si kwa sababu nyingine. Tena ulipigana Tanga, Muheza, Korogwe na Mombasa tu. Dar es Salaam walikuita mara mbili, ukasema kama wanakutaka wanajua ulipo. Hiyo ni fahari, Mjomba, lakini kwa fahari hiyo ulikosa watu wa kupimana nao.

Kwa hiyo yote yanasimama juu ya pambano la Eliudi. Yeye ndiye bingwa pekee uliyekutana naye. Nimejaribu kukutafutia udhuru na nimeshindwa. Ugonjwa, Mama anasema ulikuwa mzima. Mazoezi, uliyafanya. Nilifikiri saumu, maana pambano liliwekwa Jumamosi watu wakitegemea itakuwa Idd, na Tanga hamkuuona mwezi Ijumaa, mkakamilisha thelathini. Lakini huku Wete mwezi uliandama. Niliuona kwa macho yangu. Nilikwenda kwa karani wa posta, jirani yangu, nikambembeleza mpaka akakupelekea simu ya maandishi: mwezi umeonekana Wete, nimeuona mwenyewe, kula. Karani aliniambia imepokelewa Tanga. Basi Jumamosi ile ulikuwa umekula, na saumu haimo.

Ndiyo nauliza tena, na sasa nauliza kwa sababu sielewi. Mtu aliyekwenda raundi kumi juani Muheza, vipi pumzi imwishie raundi ya nne?

Mpwa wako,
Abdulwakil


Wete
6 Mei 1957

Shikamoo Mjomba,

Ramadhani imekwisha, Idd imepita, na sijapata neno kutoka kwako. Mama ameandika kwamba u mzima na kwamba hukutaka barua yangu isomwe mezani. Semeni amevalishwa nguo mpya aliyoshona Tabia. Naomba radhi ya Idd, na naomba radhi kwa jambo la pili ambalo nimelifanya bila ruhusa yako.

Nilimwandikia Eliudi. Nilipata anwani yake kwa Bwana Timotheo, yuko Moshi, fundi wa magari. Nilimwuliza swali nililokuuliza wewe. Amenijibu kwa kurasa tatu, na mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Nakunakilia kipande:

"Raundi tatu za kwanza mjomba wako alinipiga kama mtu anayekung'uta mkeka. Sikuwa nimewahi kupigwa hivyo wala sijapigwa hivyo tena. Raundi ya nne nikaona midomo yake imekuwa myeupe. Alipokwenda kona wenzake walimpa maji, akayamwaga kichwani, hakutia kinywani hata tone. Nikadhani ni maringo. Raundi ya sita miguu yake haikumtii, lakini mkono wa kushoto uliendelea kuja, polepole, mahali pale pale. Nilishinda kwa pointi chache. Jua lilipozama nilimkuta nyuma ya vyumba vya kubadilishia nguo, amekaa chini, ndiyo kwanza anatia tende kinywani. Hapo nikaelewa. Yeye akanitazama akasema, 'Hongera, bingwa.' Mimi ni Mkristo, bwana mwalimu, lakini najua maana ya mtu kufunga. Nilinyamaza kwa sababu kikombe kilikuwa changu na nilikipenda. Miaka minne sijajisikia vizuri juu ya jambo hilo."

Nimeisoma mara nyingi. Kumbe hukula. Mjomba, simu yangu ilikufika au haikufika? Kama haikufika, basi karani alinidanganya na nitamwambia usoni. Kama ilikufika, sijui niseme nini.

Kwa vyovyote, sasa nina cha kumwandikia Bwana Timotheo. Nitaandika yote: saumu, maji ya kichwani, tende. Bwana Idarusi akisikia haya hatathubutu kulitamka tena jina lake lile. Hakuna mtu Tanga atakayebisha kwamba ulistahili.

Mpwa wako,
Abdulwakil


Tanga
20 Mei 1957

Abdulwakil,

Salamu baadaye. Kwanza nisikilize: usiandike neno la saumu yangu katika karatasi ya klabu. Hata moja. Ukiandika, nitakwenda mwenyewe kwa Timotheo niseme umetunga.

Sasa salamu. Mamako mzima, anasumbuliwa na goti. Nguo ya Semeni tumesikia habari zake na mamako anataka kujua ni ya rangi gani. Radhi ya Idd nimekupa, na hiyo nyingine nitakupa ukimaliza kusoma.

Simu yako ilinifika. Ililetwa saa tatu asubuhi siku ile ya Jumamosi. Karani wako hana kosa, mwache.

Nilikuwa nimeshatia nia ya kufunga. Sheikh wa msikiti wetu alikuwa amesema tukamilishe thelathini. Msikiti wa mtaa wa pili walikuwa wamepata habari zao, wamekula, na harufu ya pilau yao inapita dirishani kwangu. Nikachukua karatasi yako nikaenda kwa sheikh. Akaisoma akasema, waya hauapi, mwanangu, mimi siwezi kuwafuturisha watu kwa waya. Kisha akanirudishia, akasema: lakini wewe kama unamwamini huyu aliyeuona, kama una yakini moyoni kwamba mwezi umeandama, hilo ni lako wewe na Mola wako, kula kimya kimya. Akanifungulia mlango, unaona.

Nilirudi nyumbani nikakaa na karatasi ile mfukoni. Mimi nakujua. Hujanidanganya tangu umezaliwa. Ukisema umeuona, umeuona. Lakini kila nilipojaribu kuamini mwezi wako, nilimwona Eliudi. Nilikuwa nataka sana mwezi uwe umeandama, na nilikuwa naujua moyo wangu kwamba unautaka kwa ajili ya ngumi, si kwa ajili ya dini. Kama simu ile ingekuja siku isiyo na pambano, ningeiamini upesi hivyo? Sikujua. Na kwa kuwa sikujua, nikaona sina yakini, nina tamaa tu. Nikafunga na wenzangu.

Kusogeza pambano haikuwezekana, uwanja hauna taa na watu wa Moshi walikuwa na treni ya asubuhi. Wala sikumwambia mtu. Nilitegemea nimmalize kabla ya raundi ya nne. Nilikaribia.

Basi sasa unajua kwa nini sikukujibu miaka ile. Nilikukasirikia, Abdulwakil. Bila simu yako ningefunga kama watu wote na ningepigwa kama mtu yeyote aliyefunga, nirudi nyumbani nilale usingizi. Wewe kwa mapenzi yako ukanipa mlango, nikashinda mchana kutwa nautazama. Kila nilipoanza kukuandikia nilikuwa naukumbuka mlango ule. Haikuwa haki kwako. Umri ndio umenipunguza ukali, na huyu Semeni pia.

Lakini kuandika usiandike. Nikipewa kazi kwa sababu ya saumu ile nitakuwa nimeshalipwa kwa hiyo, na mimi sikumfungia Idarusi. Kama mikono yangu haitoshi kunipa kazi, basi nisipewe.

Radhi umepata.

Mjombako,
Uweso


Wete
8 Juni 1957

Shikamoo Mjomba,

Nguo ya Semeni ni ya manjano. Mwambie Mama ajipake mafuta ya mgando gotini na asikae sana kwenye sakafu.

Barua yako niliisoma shuleni wakati wa mapumziko, nikashindwa kurudi darasani, mwalimu mwenzangu akashika kipindi changu. Mimi miaka minne nimejisifu moyoni kwamba nilikutendea jambo jema. Nilidhani kuna mambo mawili tu, kujua na kutokujua, na kwamba ukishajua unakula. Nisamehe. Ningelijua ningeliuangalia mwezi wangu nikanyamaza.

Nimetii. Haya ndiyo niliyompelekea Bwana Timotheo, nayanakili ili usije ukasema nimetia chumvi:

"Bwana Katibu, umeniuliza kama Uweso Jumbe alikuwa wa kiwango cha ubingwa. Mimi ni mpwa wake, kwa hiyo upunguze kidogo katika ninayoyasema, kisha angalia kilichobaki. Alipigana mara ishirini na tisa. Mara mbili za mwanzo alishindwa kwa kutojua, mara ya tatu kwa kujiona, mara ya nne alishindwa na bingwa wa nchi kwa pointi chache, na bingwa huyo ameniandikia kwa mkono wake kwamba raundi tatu za kwanza hajawahi kupigwa hivyo na mtu yeyote. Kwa nini raundi zilizofuata hazikuwa kama zile, sitasema. Naomba kamati izingatie kwamba raundi tano hizo alisimama hakuanguka, na mkono wake wa kushoto haukuacha kutoka. Kuna mabingwa ambao hawajawahi kutuonyesha wangefanya nini siku mbaya kama ile. Huyu tumeona. Kasoro yake alikuwa akisimama kuitazama kazi yake. Kwa bondia ni kasoro, kwa mwalimu nadhani ndicho kinachotafutwa. Jibu langu ni ndiyo."

Jambo moja zaidi. Kamati imemwalika Eliudi aje kama shahidi, naye ameniandikia kwamba atakuja kwa treni. Nimemwomba asiitaje saumu. Amenung'unika sana, anasema mimi na wewe tuna vichwa vya mawe, lakini ameapa.

Mpwa wako, ambaye leo anajivuna kuwa mpwa wako,
Abdulwakil


Tanga
2 Julai 1957

Kwa mpwa wangu Abdulwakil,

Marahaba, marahaba tena. Mamako ameipenda ile rangi ya manjano. Goti linaendelea, mafuta amejipaka, na kukaa sakafuni hakuacha. Saleha amemletea Semeni kitambaa, nitakipeleka posta kesho pamoja na barua hii.

Kikao kilikuwa juzi Jumapili, katika chumba cha shule. Wajumbe tisa, Idarusi katikati. Timotheo alisoma barua yako yote kwa sauti. Pale uliposema nilishindwa mara ya tatu kwa kujiona, watu walicheka, na mimi nilicheka nao, ingawa tutalizungumza ukija. Eliudi alikuwa amekaa nyuma, amevaa koti na tai, amenenepa kidogo.

Idarusi akaondoa miwani. Akasema barua ni nzuri lakini ina tundu. Akaniambia, "Bwana Uweso, mwalimu wa ngumi atawafundisha vijana pumzi kabla ya kuwafundisha mikono. Yako iliisha raundi ya nne, sisi sote tulikuwepo. Tueleze kwa nini."

Nilikuwa na jibu mdomoni, Abdulwakil, sikufichi. Lilikuwa la maneno mawili, na wote mle ndani ni Waislamu isipokuwa Timotheo, mjumbe mmoja aitwaye Noa, na Eliudi, wangelielewa mara moja. Nikalimeza. Nikasema, "Siku ile Eliudi alikuwa bora kuliko mimi."

Nyuma nikasikia kiti kinasukumwa. Eliudi amesimama. Akasema, "Huyu mwongo."

Idarusi akauliza, "Bwana, unasema nini?"

"Nasema mwongo. Mimi ndiye niliyekuwa ulingoni naye, nyinyi mlikuwa kwenye viti. Siku ile sikuwa bora. Sababu anaijua yeye na ninaijua mimi, na nimeapa nisiiseme, na ninajuta kuapa. Mkitaka kumchukua mwalimu mwingine, mchukueni. Lakini msiandike katika karatasi zenu kwamba mtu huyu hakustahili, kwa sababu kikombe kile kiko kabatini kwangu na wageni wakiniuliza nawaambia nimekipata Tanga, basi, sisemi zaidi."

Akakaa. Miaka yote hii mtu akiniita mwongo mbele ya watu, mmoja wetu alikuwa analala chini. Juzi niliitwa mwongo nikabaki kitini. Idarusi akavaa miwani yake tena. Yeye si mjinga, na nadhani alianza kuhesabu siku na miezi kichwani. Hakuuliza tena. Mikono iliinuliwa, saba kati ya tisa, na wa kwake ulikuwa miongoni mwa saba. Wameandika hivi, nimeona kwa macho yangu: Uweso Jumbe, wa kiwango cha ubingwa, mwalimu. Nikatia sahihi. Vijana kumi na wawili wanaanza Jumatatu.

Nilimchukua Eliudi nyumbani. Mamako alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka kwa kiasi cha kulisha treni nzima ya Moshi. Tulikula kwa mkono, sinia moja, na yeye alikula vizuri. Tulipofika katikati ya sinia akaacha kutafuna. Akaniuliza, "Uweso, niambie ukweli. Kama siku ile ungekuwa umekula hivi, ningefika raundi ya ngapi?"

Nilifikiri. Mgeni ni mgeni, na mtu amesafiri mchana kutwa kwa ajili yangu. Nikamwambia, "Ya sita."

Akatikisa kichwa, akachukua tonge jingine. "Unanionea huruma kwa sababu niko nyumbani kwako," akasema. "Ya tano."

Sikubishana naye.

Mjombako,
Uweso Jumbe,
bondia